Dar hadi Matema kwa gari la kulala: mwongozo wa safari isiyo na haraka

Abiria wengi wa barabara ya Dar–Mbeya wanaijua kwa usingizi. Unapanda basi alfajiri, unaamka Chalinze kwa kelele za wachuuzi, unasinzia tena, kona za Kitonga zinakutikisa, na jioni unashushwa miguu imevimba. Kilomita 800 na ushee zimekwisha na ulichokiona zaidi ni kisogo cha abiria wa mbele.

Mwongozo huu ni wa kuipita barabara hiyo hiyo kwa wiki mbili, mkiwa wawili, mkilala ndani ya gari lenu, kisha kushuka Tukuyu hadi ufukwe wa Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Vitu vingi vya kuona njiani viko kilomita chache tu kutoka kwenye lami, na vibao vyake vipo. Kinachotakiwa ni gari unaloweza kulisimamisha popote na ratiba isiyokukemea ukisimama.

Kanuni yangu ni moja: usiendeshe zaidi ya kilomita 200 kwa siku, na saa kumi jioni gari liwe limeshapata mahali pa kulala. Mengine yote yanatokana na hiyo.

Gari: la kawaida, ambalo kila fundi analijua

Ukitaja safari za namna hii, watu hufikiria yale magari makubwa ya Wazungu yenye choo, bafu na meza ya kulia. Yaache. Yana mkia mrefu nyuma ya tairi unaokwaruza kila tuta, hakuna vituo vya kumwaga uchafu wa choo chake, na likiharibika Makambako utasubiri spea mpaka mwezi uishe. Chukua Hiace. Ukikosa, Noah, mradi hakuna mwenye urefu wa mchezaji wa kikapu. Spea za hizo zinapatikana kila mji wa njiani, na kijana aliye chini ya mwembe na spana zake ameshazifungua mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Toa viti vya nyuma, viweke nyumbani, usiviuze. Kitanda kiwe cha nne kwa sita, godoro la inchi nne lenye msongamano mzuri; la inchi nane linakula nafasi ya kukaa bila kugonga kichwa. Mwambie seremala atumie mbao za msindano, kwa kuwa ni nyepesi, na plaiwudi ya milimita 12 juu. Kimo cha kitanda kiamuliwe na kreti: pima kreti ya plastiki utakayohifadhia vyombo, ongeza vidole viwili, hapo ndipo ubao ukae. Kreti nne chini ya kitanda zinatosha: moja ya chakula, moja ya vyombo, moja ya nguo, moja ya zana. Atakayesafiri na begi moja kubwa atakuwa analifumua lote kila akitaka soksi.

Kitanda kifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale ya viti, kisichomelewe. Kikiwa cha bolti, kinatoka kwa spana moja, gari linarudi kuwa la familia, na hujabadili umbo lake. Ukitaka kubadili rangi, injini au kutoboa paa, ujue kadi ya gari nayo lazima ifuate, na hiyo ni safari ya TRA. Kampuni ya bima nayo iambiwe gari linatumikaje.

Madirisha yashonewe neti yenye sumaku pembeni, inayobandikwa kwenye chuma cha mlango kwa nje. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kitakachokupa usingizi kuliko vyote, maana huko chini kwenye mto Ruaha na Matema mbu hawana huruma, na madirisha yakifungwa joto litawatoa nje. Hata kwenye baridi ya Mafinga acha madirisha mawili wazi upana wa kidole. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya bati lililofungwa, asubuhi godoro limelowa.

Kabla ya safari, pesa ya fundi ielekee kwenye breki na rejeta kwanza. Redio na taa za urembo zitasubiri. Badilisha mafuta ya breki yote hata kama yanaonekana safi, kwa sababu yanavuta unyevu na yakichemka kwenye mteremko pedali inazama. Rejeta isafishwe, iwekwe kulanti, na mkanda wa feni uwe mpya huku ule wa zamani ukiubeba kama akiba. Kwenye tairi soma namba nne za mwisho ndani ya duara dogo ubavuni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye miaka mingi, hata kama kashata zake bado nene, haifai kwa joto la Bonde la Mibuyu, lile utakalolishukia baada ya Mikumi. Usisahau kupima upepo wa spea tairi, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wameshapata pancha.

Beba jeki pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, waya za kubusti betri, kamba ya kuvutia, fyuzi za akiba, lita tano za maji ya rejeta na tochi ya kichwani.

Umeme, maji na jiko

Piga hesabu ya umeme kabla ya kwenda Kariakoo, vinginevyo muuzaji atakupigia ya kwake. Friji dogo la volti 12 hula kama wati-saa 500 kwa siku. Feni ya wati 20 ikizunguka usiku saa nane ni 160. Taa na simu mbili hazifiki 100. Jumla haivuki 760 au hapo karibu. Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa saa tano za jua kali na ukitoa upotevu wa robo, inakupa 750. Inatosha, ila Tukuyu kwenye mawingu haitatosha, kwa hiyo funga pia chaja inayochukua umeme wa injini mnapotembea. Betri ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa 100) inabeba zaidi ya wati-saa 1,200. Ile ya kawaida ya asidi yenye namba hiyo hiyo utumie nusu yake tu, la sivyo itakufa mapema. Kama bajeti ni ndogo, friji ndilo la kwanza kukatwa. Njia nzima ina masoko, na nyama inunuliwe siku ile ile ya kuipika.

Maji: lita 10 kwa mtu kwa siku zinatosha kupika, kunawa na kujimwagia kidogo. Madumu mawili ya lita 20 kwa watu wawili ni akiba ya siku mbili. Yakae chini, karibu na ekseli, yafungwe kwa mkanda, maana kilo 40 zikirushwa na breki ya ghafla ni hatari.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 usimame wima ndani ya kreti, ufungwe kabisa gari likitembea. Pikia nje, chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari kamwe, hata likiwa limebaki majivu mekundu na baridi inauma. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za aina hiyo.

Choo cha usiku ni ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao ndani. Mchana kuna sheli.

Makaratasi na trafiki

Leseni, bima hai, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto usiopita tarehe, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kosa moja ni shilingi 30,000, na makosa matatu kwenye kituo kimoja yanawezekana kabisa. Spidi ya 50 kwenye vijiji iheshimu hata pale unapoona hakuna mtu: tochi huwa imekaa mahali ambapo kibao cha 50 kinaanza na macho yako bado yako kwenye 80. Kwa msafiri asiye na haraka hili halina uchungu wowote. Mizani ni ya magari yanayozidi tani tatu na nusu, kwa hiyo Hiace yako inapita.

Msimu

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri wa safari hii. Juni na Julai kuna baridi kweli. Mtu wa Dar abebe blanketi zito na asione aibu. Anayetaka maua ya Kitulo itabidi aje na mvua zake, Desemba hadi Aprili, na akubali tope.

Pa kulala, na namna ya kuomba

Nchi hii haijazoea gari la kulala, na hilo lina faida yake: hakuna aliyeweka bango la kukukataza. Uko huru kuomba, na kuomba ndiyo kazi yenyewe.

Machaguo ni haya, kwa mpangilio ninaoupenda. Kwanza kambi rasmi, ambapo unalipa kwa kichwa na unapata bafu. Pili, uwanja wa loji au gesti. Unamwambia mhudumu ukweli kwamba huhitaji chumba ila mtakula chakula cha jioni pale na mngependa kulaza gari ndani ya geti. Wengi hukubali kwa bei ndogo, hasa ukisema habari za chakula kabla ya habari za bei. Tatu, vituo vya makanisa, ambavyo vimejaa kutoka Iringa hadi Tukuyu, vina walinzi, maji na utulivu. Heshimu tu kwamba pombe na muziki vibaki nje. Nne, sheli kubwa yenye mlinzi na malori yaliyolala. Kelele zipo, usalama upo.

Tano ni kijijini, na hapa ndipo safari inapopata utamu wake. Usiegeshe kwanza ndipo uulizwe. Fika mapema, ulizia ofisi ya kijiji au nyumbani kwa mwenyekiti, shuka kwenye gari, vua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni, mnatokea wapi?"

"Dar, mzee. Tunaelekea Mbeya, lakini hatuna haraka. Tunaomba kulaza gari hapa uwanjani mpaka asubuhi. Tunalala humo humo."

Atazunguka gari. Atachungulia kitanda. Atacheka, atamwita jirani naye aje aone. Kisha atakuelekeza pa kuegesha, na karibu kila mara patakuwa mbele ya nyumba yake au ofisini, ambapo mgambo atapita usiku. Asubuhi mwachie mgambo ya soda, na mama mwenye nyumba mnunulie kitu anachouza, hata kama ni ndizi ambazo tayari mnazo. Kando ya barabara peke yako, kwenye kijinjia cha porini au eneo la kuegeshea malori lisilo na mtu, usilale.

Dar hadi Mikumi

Toka Dar saa kumi alfajiri, au usitoke siku hiyo. Kimara, Kibaha na Mlandizi baada ya saa kumi na mbili zitakula subira yote uliyoibeba kwa wiki mbili. Ukishapita Chalinze barabara inapumua.

Lala Morogoro. Wengi huitazama Uluguru wakiwa wanakunywa chai barabarani; wewe liache gari kwenye geti la loji na upande kwa miguu hadi Morningside, nyumba ya kale iliyoachwa na Wajerumani juu ya mlima. Njia inapita katikati ya mashamba ya ngazi yenye karoti, kabichi na stroberi, na watoto wanaoshuka na mizigo kichwani kwa kasi ambayo wewe ukiwa mtupu huiwezi. Nenda na mwenyeji. Ni nusu siku kwenda na kurudi.

Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kupita ni bure. Ukianza kuikata mara tu mwanga unapotoka, utaona tembo, twiga, pundamilia na nyati bila kulipa tiketi, ilimradi ubaki ndani ya gari na uheshimu spidi iliyoandikwa. Mabango ya faini ya kumgonga mnyama yameandikwa kwa dola, na twiga si wa bei ndogo. Usisimame katikati ya lami kupiga picha. Lori lililo nyuma yako halina breki za kukusubiri.

Mwenye siku mbili za ziada, Mikumi mjini akate kushoto kuelekea Kidatu na Mang'ula. Huko kuna Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, na maporomoko ya Sanje yanayoanguka kwa jumla ya mita 170. Hifadhi hii inatembewa kwa miguu tu, jambo linalomfaa mtu aliyekaa kwenye usukani.

Bonde la Mibuyu na Kitonga

Baada ya Mikumi unashuka kwenye joto. Mibuyu inaanza mmoja mmoja, kisha inajaza miteremko yote miwili, na mto Ruaha unatokea upande wako. Kuna kambi kando ya mto, lala hapo. Usinawe miguu mtoni, mamba wapo. Egesha mbali kidogo na mbuyu wenyewe, kwa sababu matawi yake makavu huanguka bila taarifa.

Ruaha Mbuyuni ni mji wa vitunguu. Vimetundikwa kwenye neti kando ya barabara, vyekundu, na wauzaji watakimbilia dirisha kabla hujasimama. Shuka mwenyewe. Shika kitunguu shingoni: ikiwa nyembamba na kavu, na ganda likichakarika vidoleni, kitadumu wiki zote mbili. Shingo nene yenye unyevu itakuozea kabla ya Mafinga. Tundika neti yako darini mwa gari, kisiwekwe kwenye kreti. Nyanya subiri Ilula, juu ya mlima, ambako zinauzwa kwa sado na kwa tenga.

Sasa Kitonga. Ni mlima mmoja, kona kali, na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Panda asubuhi, zima kiyoyozi, weka gia ya pili na uiache hapo. Angalia mshale wa joto la injini kuliko unavyoangalia lori la mbele. Usilipite lori kwenye kona hata kondakta wake akikupungia mkono upite. Yeye haoni zaidi yako. Na ukikuta matawi mabichi yametandazwa barabarani, hiyo ndiyo pembetatu ya wenye malori: mbele kuna gari limekufa, mara nyingi baada tu ya kona. Punguza kabisa.

Injini ikichemka, egesha, acha izunguke bila kazi kwa muda, kisha zima. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka mkono uweze kutulia juu yake.

Iringa: kaa siku tatu

Hapa ndipo ninapobishana na kila anayeniambia Iringa ni mji wa kupita. Mji wenyewe uko juu, unapandishwa kutoka Ipogolo, na wengi wa barabara kuu hawajawahi kukunja kona hiyo.

Siku ya kwanza nenda Kalenga, kilomita 15 hivi kwenye barabara ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Ndipo palipokuwa na ngome ya Mkwawa, iliyobomolewa na mizinga ya Wajerumani Oktoba 1894. Miaka mitatu kabla yake, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walikuwa wameliangamiza jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Zelewski pale Lugalo, karibu na barabara uliyojia. Mkwawa alijiua 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa, kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu, cha 246, kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954 tu, likiletwa na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika. Leo liko kwenye kabati la kioo katika chumba kidogo cha makumbusho ya Kalenga. Unasimama hatua moja kutoka kwake. Msikilize mtunza makumbusho bila kuangalia saa.

Siku ya pili ni Isimila, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya kisha mchepuko mfupi wa vumbi. Ni korongo lililochongwa na mvua mpaka zikabaki nguzo za udongo zilizosimama juu kuliko nyumba ya ghorofa. Pale juu, mashoka ya mawe ya binadamu wa kale yalitambuliwa mwaka 1951 na kuanza kufukuliwa miaka michache baadaye. Mengi bado yamelala chini ya kibanda, ukubwa wa kiganja, ncha moja imechongwa pande zote mbili. Ukiruhusiwa kushika moja utaona linakaa mkononi bila kutafuta mahali. Nenda baada ya saa tisa alasiri, jua likiwa pembeni, ili nguzo zionyeshe mistari yake. Kuokota jiwe na kuondoka nalo ni kosa la kisheria.

Siku ya tatu usipange kitu. Kuna boma la Kijerumani lililogeuzwa makumbusho, kuna soko, na kuna jiwe la Gangilonga la kupanda jioni uone mji wote.

Mafinga, Makambako na Usangu

Kati ya Iringa na Mafinga, shamba la Kisolanza limekuwa likipokea wapiga kambi kwa miaka mingi. Nunua mboga na nyama hapo. Baada yake misindano ya Sao Hill inaanza na haiishi upesi, na malori ya magogo yanaingia barabarani bila onyo.

Ukiona vidumu na vikombe vya plastiki mbele ya kibanda wakati wa mvua, huo ni ulanzi, pombe ya mianzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondoka kwenye chombo usiku, na asubuhi ni mtamu kama juisi. Kufika jioni umeshakuwa pombe kamili. Dereva aujaribu akishaegesha gari la kulala huko huko, asidanganyike na utamu wa asubuhi.

Makambako pitia tu. Baada ya Igawa unashuka tambarare ya Usangu. Mchele nunua Igurusi. Chimala kuna barabara inayopanda Matamba kuelekea Kitulo kwa kona zinazohesabiwa 57. Kitulo ni hifadhi tangu 2005, tambarare ya maua yenye okidi nyingi, wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kwa Hiace iliyobeba kitanda, maji na sola sikushauri. Egesha Chimala na upande na gari la wenyeji.

Mbeya na kimondo

Kipande cha Uyole hadi Mbalizi kina foleni ya malori ya Tunduma isiyoeleweka. Kivuke kabla ya saa mbili asubuhi, uende Mbozi kwanza na Tukuyu baadaye. Kabla ya Vwawa ulizia njia ya Ndolezi. Ni kilomita 10 na ushee za vumbi. Kimondo cha Mbozi ni pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita tatu hivi, na makadirio ya uzito wake ni kati ya tani 12 na 16. Ulimwengu wa nje ulilifahamu mwaka 1930, na walipochimba kuzunguka ili walipime, waliacha nguzo ya udongo chini yake, ndiyo maana linaonekana limekaa juu ya kiti. Chungulia kwenye ncha moja: kuna mikato ya watu waliojaribu kuchukua kipande kwa msumeno. Mikato imeishia njiani.

Rungwe hadi ziwani

Kutoka Uyole barabara inapanda, kisha inashuka kijani kitupu: migomba, chai, parachichi. Mvua hunyesha wakati wowote. Ziwa Ngozi, ndani ya kreta yenye msitu, linafikiwa kwa kupanda miguu kama saa mbili. Chukua mwongozaji kijijini na usishuke kwenye maji bila yeye. Kutoka Kiwira unakwenda Daraja la Mungu, lava iliyoganda juu ya mto Kiwira na kuacha maji yapite chini. Kijungu, ambako mto huo huo unazama kwenye shimo la mwamba, kiko eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo ripoti getini kwanza na uulize kuhusu kupiga picha.

Tukuyu hadi tambarare ya Kyela unapoteza zaidi ya mita 1,000 za kimo. Shuka kwa gia ya tatu au ya pili, gusa breki kwa muda mfupi kisha achia. Ukisikia harufu ya pedi, simama, usimwagie maji. Chini kuna kakao imeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara na mchele wa Kyela ambao hauhitaji nazi. Pitia Ipinda hadi Matema.

Egesha kwenye udongo mgumu, kamwe si kwenye mchanga, hata unaoonekana mgumu. Makanisa yana hosteli na viwanja ufukweni. Ziwa lina kina cha mita 700 na zaidi, milima ya Livingstone inaangukia ndani yake, na mbu wanakuja jua likizama. Kuogelea waulize wenyeji: midomo ya mito ina mamba, na penye matete kuna kichocho. Mkishaoga, mkapime wiki sita hadi nane baada ya kurudi. Dawa yake ni rahisi na inapatikana.

Pangeni mfike kabla ya Jumamosi. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka ufukweni. Vyungu vya wanawake wa Kikisi hufika kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vina kuta nyembamba na mistari ya rangi nyekundu na nyeupe. Kabla ya kununua kiinue kwa mkono mmoja, ukigonge kwa kiungo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti iliyozibwa kina ufa usiouona. Cha ukubwa wa kati kinaingia kwenye kreti ya nguo kikifungwa kwenye blanketi la Mafinga, ambalo huku chini hulihitaji.

Mafuta na kurudi

Kwenda na kurudi pamoja na michepuko ni kama kilomita 2,300. Hiace ya dizeli kwa mwendo huu huenda kilomita 10 kwa lita, yaani lita 230. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zidisha kwa bei ya mikoani, ambayo iko juu ya ile ya Dar. Weka kando kiasi hicho hicho kwa chakula, viingilio na waongozaji, na nusu yake tena kwa fundi. Pesa ya fundi isipotumika ni ya safari ijayo.

Kupanda kutoka Kyela hadi Tukuyu ukirudi kunachosha injini kuliko Kitonga, kwa sababu ni joto na ni mrefu. Simama mara mbili. Mbeya mpe fundi aangalie pedi tena, kwa kuwa safari hii Kitonga utaishuka. Kutoka Morogoro ondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri, uwe umevuka Kibaha kabla ya saa tatu. Mchana wa siku hiyo kila aliyekwenda mkoani wikiendi anarudi kwa barabara hiyo hiyo.